Nyusi za Mama Angel

Posa ya binti yangu Angel ilirudishwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa nane mchana, kule Kikwe kwa shemeji yangu Eliasi, na wote waliokuwepo wanasema aliyeirudisha ni mimi. Mimi ambaye sikufungua mdomo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, kati ya jiko na sebule, nimevaa kitenge kipya, mikono nimeiweka magotini kama mtoto wa kipaimara. Sikukohoa, achilia mbali kusema. Halafu naambiwa nimekataa.

Ngoja niseme kwa mpangilio, maana nikiongea na hasira naruka mambo, na hasira ninazo.

Naitwa Eunike. Ni fundi cherehani hapa Kimandolu, nina miaka hamsini na minne. Mume wangu Sifaeli aliendesha malori ya kahawa mpaka mgongo ukamstaafisha. Angel ndiye mtoto wetu wa mwisho, ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi maktaba ya chuo kule Makumira, na bado anaishi kwetu. Mchumba wake anaitwa Richard, kijana wa Machame, injinia wa maji. Mlutheri mwenzetu, hanywi, anasalimia watu wote mpaka mafundi wangu. Baba yake, mzee Ndesanjo, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Sifaeli alimpenda Richard kuliko Angel mwenyewe alivyompenda, na hilo nilikuwa nalisema kwa utani, watu wanacheka.

Sasa macho. Kwetu wanawake kope za juu zinashuka mapema. Bibi alikuwa hivyo, mama alikuwa hivyo, na mimi nilipofika hamsini ngozi ilikuwa imekaa juu ya jicho kama pindo lililofumuka. Wateja walikuwa wakiingia wananong'ona, wanadhani nasinzia kwenye cherehani. Mchungaji alishaniita pembeni mara mbili kuniuliza kama nyumbani kuna amani. Kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa kazi ya kubandika selotepu juu ya jicho la kulia, natunga, nabandua, na nikisahau kubandua mteja anaingia ananikuta hivyo. Nilishazoea. Mtu anazoea kila kitu.

Aliyenitoa kwenye kuzoea ni Prisca, jirani yangu mwenye saluni. Tulikuwa tumeanza kuitana kamati ya sendofu ya Angel, sherehe ya kumuaga, ya mwezi wa kumi na mbili, na Prisca akaniambia mbele za watu, "Mama Angel, kwenye video utaonekana umelala. Mama wa bibi harusi anasinzia kwenye sendofu ya mwanawe, kweli?" Wakacheka. Nikacheka pia, ila liliniuma. Baadaye akanionyesha kwenye simu picha za mama mmoja, kabla macho yamefunikwa, baada ya hapo yako wazi kama ya msichana. Akasema siku hizi hata Arusha wapo madaktari wanaopunguza hiyo ngozi, unaingia asubuhi, mchana uko kwako.

Sifaeli alisema kama ni kwa ajili ya sindano, sawa, kama ni kwa ajili ya video, yeye hayumo. Nikamwambia ni kwa ajili ya sindano. Mungu anisamehe, ilikuwa nusu kwa nusu.

Hospitali siitaji, haina kosa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, daktari Anande, ana sauti ya chini na hana haraka, na mimi watu wasio na haraka wananipa wasiwasi. Alinimulika macho, akanipima kwa rula ndogo, akanitia karatasi nyembamba kwenye kope kuona kama machozi yanatosha. Akaanza kuuliza. Presha ninayo? Sukari? Tezi ya shingo? Macho yanakauka au kuwasha? Nimewahi kutoka damu isiyokatika? Nikajibu hapana, hapana, hapana.

"Unatumia dawa gani, mama?"

"Situmii dawa."

"Hata aspirini?"

"Ile ndogo ya asubuhi? Ile si dawa, ile ni ya moyo."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia hiyo inafanya damu isigande upesi, kwa hiyo lazima ajue, na nisiache mwenyewe, ataongea kwanza na daktari aliyeniandikia. Akauliza na mitishamba. Nikamwambia hakuna, labda ile mizizi ya kwenye supu tunayonunua kwa Namnyaki sokoni, lakini hiyo ni chakula. Akasema nayo niisimamishe wiki mbili, kwa sababu hakuna anayejua inafanya nini kwenye damu. Nikajiona mjinga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa sifichi kwa makusudi, nilikuwa sijui tu kwamba hivyo vinahesabiwa.

Halafu akafanya kitu cha ajabu. Akanikandamiza paji la uso kwa kidole gumba, akasema, "Sasa fungua macho." Nikashindwa. Nilibaki naona mstari wa mwanga tu, kama ule unaopita chini ya mlango.

"Umeona," akasema. "Unainua kope kwa nyusi. Umefanya hivyo miaka mingi mpaka huhisi tena. Tukitoa ngozi, nyusi zitapumzika, zitashuka. Uso utabadilika, mama. Wengine wanakuja kuniambia watu wa nyumbani wanawaona wageni. Ni vizuri uwaandae."

Nikaitikia kwa kichwa. Maswali yangu mimi yalikuwa matatu: inauma kiasi gani, lini nitarudi kushona, na je, watu kanisani watajua. Kuhusu nyusi sikuuliza kitu. Nyusi zina nini cha kuuliza? Akanipa karatasi, akasema niende nayo nyumbani nikaisome, nikae nifikirie wiki tatu, nikibadili mawazo hakuna ubaya. Nikaiweka chini ya Biblia. Siku ya kurudi nikasaini nakala yao bila kusoma, miwani niliisahau.

Tulifanya mwezi wa nne, kwenye mvua. Sindano za ganzi ndizo mbaya, baada ya hapo nilikuwa macho, nasikia daktari anaongea na nesi habari za ndizi, nasikia harufu kama nywele zilizoguswa na pasi. Haikuchukua hata masaa mawili. Kazi ilikuwa nyumbani. Vitambaa vya baridi, kulalia mito mitatu, usiiname, usibebe, usifagie, usikae kwenye vumbi. Siku za mwanzo macho yalikuwa hayafungi vizuri, Sifaeli akasema nalala namchungulia. Uso ulivimba ukawa na rangi ya zambarau, na Sifaeli alikwenda dukani akarudi analalamika kwamba wanawake wa mtaa wanamwangalia vibaya, wanadhani kanipiga. Nikamwambia avumilie, ni heshima kidogo ya bure.

Baada ya wiki wakatoa nyuzi. Baada ya mwezi nikaona. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Niliuona Mlima Meru mpaka kileleni nikiwa nimesimama tu, bila kuinua kidevu. Niliona vumbi juu ya kabati, la miaka. Nilitunga sindano mara ya kwanza, nikauchomoa uzi, nikatunga tena kwa raha tu, na nikalia kidogo dukani peke yangu.

Ndipo mambo yakaanza kuharibika na mimi sielewi.

Mteja wangu wa siku nyingi alikuja kuchukua gauni, akanitazama, akasema, "Mama Angel, samahani, najua nimechelewa." Alikuwa amewahi kwa siku mbili. Mwenyekiti wa kwaya akanipigia simu kuuliza kama kuna neno amesema. Kijana wa bodaboda, ambaye huwa tunataniana, akaanza kuniita "mama mheshimiwa". Sifaeli akaniuliza mezani, "Umenuna?" Nikasema sijanuna. Kesho yake, "Umenuna?" Sijanuna. Siku ya nne nikawa nimenuna kweli, na hapo hakuuliza.

Nilimwambia Prisca. Akanitazama kwenye kioo chake cha saluni, akasema, "Sijui, umekuwa na uso wa hakimu." Nikaona ni wivu. Nilimfikiria vibaya kwa wiki nzima.

Basi, posa. Sijui koo nyingine, lakini ukoo wa mume wangu una taratibu yake, na mimi niliikuta. Siku hiyo mama wa binti haongei. Eti akiongea atalia, akilia wageni wataona mtoto anauzwa. Anakaa mlangoni, upande wa jiko, na msemaji wa ukoo, ambaye ni Eliasi, kaka mkubwa wa Sifaeli, anageuka kumtazama mara tatu katikati ya mazungumzo. Mama akikubali kwa uso, mambo yanaendelea. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, hapo wanashikana mikono. Haijawahi kutokea mama akakataa. Ni kama vile amina mwisho wa sala, hakuna anayeiwazia.

Wageni walifika kumi na mmoja. Walikula loshoro ya mahindi na maziwa mgando, walikula machalari ya ndizi na nyama niliyoipika mimi na wake wengine wa ukoo tangu alfajiri, mzee Ndesanjo akasifu mpaka akaongezewa. Angel alikuwa amekaa kwenye mkeka na shangazi zake, ameinamisha kichwa, kama inavyotakiwa. Maneno yakaanza. Shemeji Eliasi akageuka mara ya kwanza. Nikamtazama. Nilikuwa na furaha mpaka kifua kinaniuma, naiona sebule yote, naona mpaka kishikizo kilicholegea kwenye koti la Richard.

Akageuka mara ya pili. Nikamtazama.

Mara ya tatu alinikazia macho muda mrefu. Nikajiuliza kama nina unga shavuni. Halafu akageukia wageni, akakohoa, akasema, "Wazee wenzangu, mmekula, tunashukuru sana. Jambo hili naomba mtupe muda. Kwa leo tuishie hapa."

Mzee Ndesanjo akaichukua kofia yake pole pole. Richard akamtazama Angel, na Angel akanitazama mimi, kwa namna ambayo sikuielewa. Halafu akasimama akaanza kukusanya sahani.

Tukirudi, Sifaeli aliendesha gari bila neno mpaka tunaingia lami. Ndipo akasema, "Ungeniambia mapema."

"Nikuambie nini?"

"Eunike, usinifanye mtoto."

"Sifaeli, kaka yako amerudisha wageni, unaniuliza mimi?"

Nyumbani akaenda kulala saa kumi na mbili. Mimi nikabaki sielewi mbele wala nyuma. Nilidhani wamesikia jambo kuhusu familia ya Richard wananificha. Nilidhani labda ni mambo ya wanaume, ng'ombe, mipaka, mtu fulani na babu yake. Nilipouliza, shangazi mmoja akaniambia, "Wewe si unajua." Mwingine akaniambia, "Tunakuheshimu, mama Angel, hatutauliza." Nilitamani kurusha kitu. Mtu anakuheshimu kwa jambo usilolijua, utamfanyaje?

Na Angel hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alikwenda kazini, akarudi, akapika. Alinisaidia kupiga pasi nguo za wateja bila kuombwa. Jumatano akaniletea kanga, doti nzima, nzuri, akaniwekea mabegani bila kusema ni ya nini. Nikajua mtoto ameumia mpaka anajitia ukarimu. Kila nikimwona anakunja zile nguo za watu nilisema moyoni, huyu ndiye ninayemharibia maisha, na sijui nimemharibia na nini.

Wiki mbili zilipopita nikaona potelea mbali, nitamwuliza mwenyewe aliyesema. Nikaenda Kikwe. Nilimkuta shemeji Eliasi anapalilia maharage.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, mama Angel. Karibu. Umekuja kwa amani?"

"Nimekuja unieleze. Mliona nini kwa watu wale mpaka mkawarudisha?"

Akaegemea jembe. Akanitazama kama mtu anayedhani anachezewa. "Sisi hatukuona kitu. Wewe ndiye uliyekataa."

"Nimekataa lini? Nilisema nini?"

"Hukusema. Mama hasemi. Nilikutazama mara tatu, mara tatu uso umekaza. Mara ya tatu nikasema labda sijaona vizuri, nikakutazama tena. Umekaza."

Nilitafuta pa kukaa, nikakaa kwenye ndoo. Yeye akaendelea, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Mama Angel, miaka thelathini uko ukoo huu na hujawahi kukataa jambo. Tulipouza lile shamba la chini nilikugeukia kwenye kikao, ukainua nyusi. Watoto watano wa marehemu mdogo wetu, tulipokuwa tunauliza nani atawachukua, nilikugeukia, ukainua nyusi. Nikasema huyu mwanamke ana moyo. Sasa mtu ambaye hajawahi kukataa, siku amekataa, si ana sababu nzito? Nikaona tukuheshimu."

Wasomaji mnanielewa? Wale watoto watano nimewalea miaka tisa. Nimewashonea sare, nimewauguza surua, nimewapenda, sijutii. Lakini miaka tisa nilikuwa najiuliza ni ukoo gani huu unaomshushia mtu watoto watano mlangoni bila hata kumwuliza. Na kumbe waliniuliza. Na kumbe nilijibu. Na siku wanauza lile shamba la chini nililolima mimi kwa mikono yangu, nilikuwa nimekaa pale mlangoni nainua nyusi ili nimwone ni nani anayeongea.

Sikujua nicheke au nimpige na jembe lake. Nikamweleza. Ngozi, kope, kidole gumba cha daktari, nyusi zilizopumzika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kucheka, akaona sicheki, akaacha.

"Kwa hiyo Ndesanjo nimemrudisha bure."

"Bure kabisa, shemeji."

"Na lile shamba?"

"Lile shamba acha tu."

Akavua kofia akajifuta jasho. Akasema atampigia mzee Ndesanjo, ataomba radhi, atasema kulikuwa na jambo la ugonjwa wa macho, na Jumamosi waje tena. "Na wewe Jumamosi uinue nyusi," akasema.

"Nitainua."

Njiani nikampigia daktari Anande. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Akanisikiliza, akasema kwa ile sauti yake, "Mama, tuliongea siku ya kwanza, na iko kwenye karatasi uliyosaini." Nilipofika nyumbani nikaitoa chini ya Biblia, nikavaa miwani. Iko. Ukurasa wa pili, kati ya macho kukauka na kovu. Nyusi zinaweza kushuka, mwonekano wa uso unaweza kubadilika. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi niliuliza habari za kanisani.

Kwa hiyo kuanzia Jumanne nikawa nafanya mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Nainua nyusi, nahesabu mpaka kumi, nashusha. Inachosha. Sijui niliwezaje kuishi nazo kule juu miaka yote hiyo. Nikatoa na albamu za zamani, nikaziangalia moja moja. Kwenye harusi yangu, kwenye ubatizo wa watoto, kwenye mazishi ya mama yangu, kila picha nyusi ziko juu karibu na kilemba, kama mtu aliyekubali kila kitu. Hata mazishi.

Alhamisi jioni nikaona nimwambie Angel, asisubiri Jumamosi na moyo umemwinama. Alikuwa anaosha vyombo. Sifaeli alikuwa sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Nilikuwa nimejaa furaha ya mtu anayeleta zawadi.

"Angel, mwanangu, nisamehe. Nimejua kilichotokea. Mimi sikukataa."

Akageuka, sahani mkononi. "Hukukataa nini?"

Nikamweleza yote, haraka haraka, mpaka la Jumamosi. "Baba yako mkubwa ameshaongea nao. Wanarudi. Richard wako anarudi. Ni hizi nyusi tu, mama yako hakuwa na kinyongo chochote."

Aliiweka sahani chini taratibu sana. "Kwa hiyo hukukataa," akasema tena.

"Sikukataa hata kidogo."

"Mimi nilidhani umeniona."

"Nimekuona vipi?"

"Pale kwenye mkeka. Nilidhani kwa vile sasa unaona, umenitazama ukajua simtaki. Nikasema kumbe mama ameona. Ile kanga nilikununulia kwa ajili hiyo."

Nikamwuliza swali ambalo kila mzazi mjinga huuliza. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Mwezi wa pili, hapa hapa. Ulikuwa unapika ndizi. Nikakuambia, mama, sijui kama nitaweza kuolewa na Richard. Ukanitazama, ukainua nyusi. Nikaelewa unasema nitaweza. Nikanyamaza."

Naikumbuka siku hiyo. Nakumbuka mvuke ulikuwa mwingi, na nakumbuka sauti yake ilikuwa ndogo, nikataka kumwona usoni. Nilikuwa nangoja aendelee. Hakuendelea, nikadhani ni uoga wa kawaida wa bibi harusi, nikarudi kwenye chungu changu.

"Amekukosea nini?" nikamwuliza.

"Hajanikosea. Ni mtu mzuri, kila mtu anasema. Baba amefurahi, wewe umefurahi, shangazi wameshanunua sare." Alikuwa anaongea anaitazama ile sahani. "Ila simtaki, mama. Nikiwa naye natamani muda uishe."

Halafu akasema, "Lakini kama hukukataa, basi," akaichukua tena sahani, akafungulia bomba. Alinipa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika na maji yanapita tu juu ya sahani ambayo ilishatakata. Niliumia kwa namna ambayo sijawahi kuumia, hata lile shamba halikuniuma hivyo. Mtoto huyu kwa wiki mbili alikuwa ameamini kwamba ana mtu.

Nikachukua simu. Sikutoka nje wala sikupunguza sauti. Kule sebuleni redio ilizimwa.

"Shikamoo shemeji. Jumamosi wasije."

"Marahaba. Wasije vipi? Nimeshampigia Ndesanjo, nimeomba radhi mpaka nimechoka."

"Mpigie tena. Nimekataa."

Sifaeli alikuwa ameshasimama mlangoni, amefungua mdomo, na nikamwinulia kiganja asubiri.

"Mama Angel," Eliasi akasema, "nisaidie, nimechanganyikiwa. Hayo ni macho, au ni wewe?"

"Ni mimi, shemeji. Nakuambia kwa mdomo."

"Na sababu? Maana safari hii Ndesanjo ataniuliza sababu."

Sababu nilikuwa nayo, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini nikamtazama Angel, nikamwuliza kwa sauti, baba yake anasikia, kama anataka niseme mimi au atasema mwenyewe. Akafunga bomba. Akajifuta mikono kwenye sketi, akageuka, uso umelowa, akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Akaipokea simu.

"Shikamoo baba mkubwa," akasema. "Ni Angel."